Maneno ya Wakati wa Matangazo

Kila Jumanne, saa mbili kasoro dakika tano usiku, friji ya akina Kivela ilichomolewa kwenye umeme. Mbwa alifungiwa chini, kwenye chumba cha tanuru la kupasha nyumba joto. Mama alivua viatu. Baba alikwenda kusomea gazeti jikoni, na alikatazwa kufunua kurasa kwa pupa. Kisha Marlys, binti wa miaka kumi na sita, aliweka kinasa sauti juu ya kigoda, akakikunjia taulo chini yake kisitikisike, akakielekeza kwenye spika ya televisheni, halafu akainua kidole. Kidole kikishainuka, hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na sita, mjini Duluth, kaskazini mwa Marekani, na hakukuwa na njia nyingine. Tamthilia ikipita hewani ilikuwa imepita, kama mtu aliyekupungia mkono kutoka kwenye treni. Mashabiki wa kweli, wale ambao wiki nzima hawakuwaza kingine, walinasa sauti kwa kaseti, kisha wakajifunika blanketi na kuisikiliza mpaka wakaijua kwa moyo. Tamthilia yenyewe ilikuwa *Tamarack*, habari za meli ya anga iliyopotea mbali na nyumbani ikitafuta njia ya kurudi. Iliendelea misimu mitatu, ikakatishwa kabla meli haijafika popote.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja: kimya mpaka matangazo. Matangazo ya biashara yakianza, Marlys alibonyeza kitufe cha kusimamisha, kwa sababu kaseti zilikuwa ghali na hakuna aliyetaka kuhifadhi habari za sabuni. Hapo ndipo watu walikohoa, wakajikuna, wakasema waliyokuwa nayo. Matangazo yakiisha, kidole juu. Wiki moja walisahau kuichomeka tena friji, na samaki wote ambao baba alikuwa amewavua kwenye barafu wakaoza. Hakusema na Marlys mpaka Jumapili.

Haya yote alitusimulia mwenyewe, kidogo kidogo, kwa miaka. Kuna jambo moja tu hakulisimulia, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Nilijiunga na Klabu ya Abiria wa Tamarack nikiwa mwanafunzi wa chuo, nikidhani nakwenda kuwacheka wazee. Sikucheka. Nilikuta watu waliopenda kitu kwa miaka arobaini bila kulipwa na bila kuombwa, na tangu siku hiyo naamini kwamba hadithi ni mali ya waliokaa nayo, si ya kampuni iliyoandika jina lake chini. Tulikutana Jumapili saa nane mchana, chini ya kanisa la Kilutheri, kwenye ukumbi wenye harufu ya kahawa nyepesi na mabuti yenye theluji. Marlys ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuongoza mabasi ya shule kwa redio. Kila dereva wa wilaya aliijua sauti yake, na katika dhoruba walimtii kuliko walivyowatii wake zao. Aliwahi kuolewa na fundi bomba kwa miaka minne. Anasema walikosana kwa mambo mengi, mojawapo Jumanne.

Sheria ya nyumba yao ilikuwa imehamia klabuni. Kabla ya kuwasha televisheni, mtu aliingia jikoni mwa kanisa na kuchomoa friji. Hakuna aliyezungumza mpaka mwisho. LaVonne Bisson, mpishi wa zamani wa shule na rafiki mkubwa wa Marlys, aliwahi kupaliwa na kipande cha keki, akatoka nje kukohoa kwenye baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri. Aliporudi, kope zake zikiwa na barafu, Marlys hakumwuliza kama yu mzima. Alimwuliza kwa nini ameubamiza mlango.

"Siku nikifa humu ndani," LaVonne alituambia, "mnifunike koti, mmalizie kipindi. La sivyo huyu bibi atanifufua anigombeze."

Mwezi wa kwanza uliopita, kampuni ikaleta *Tamarack* mpya. Sehemu kumi, nahodha yule yule wa tamthilia ya zamani, Orrin, akiwa sasa mzee na akiigizwa na mtu mwingine. Mimi niliipenda tangu dakika ya kwanza, na sioni haya. Marlys alikuwa na mengi ya kusema, na yote hayakuwa upande mmoja. Alisema giza ni jingi mno, mtu anadhani bili ya umeme ya meli haijalipwa. Alisema waigizaji wananong'ona kama watu walioiba. Alisema zamani kila mtu melini alikuwa na zamu, na sasa kila mtu ana jeraha na hakuna mwenye zamu. Na kwa nini hadithi moja inavutwa sehemu kumi kama chapati isiyotosha wageni?

Lakini pia alisema barafu ya sasa ni barafu kweli, si unga wa sabuni. Alifurahi kwamba wanawake wa melini hawapeleki tena kahawa. Yule fundi mitambo ambaye kwa misimu mitatu alisema "ndiyo, nahodha" na basi, safari hii alikuwa na mama, na lugha, na hasira yake, na Marlys alimlilia bila kujificha. Kila sehemu aliitazama mara mbili: kwanza ili akasirike, halafu ili aione.

Nilibishana naye. Nilimwambia mapenzi yake ya zamani yanamfanya adai wafu wabaki walivyokuwa. Nilikuwa na maana ya wahusika wa tamthilia. Aliniangalia kwa muda, akaniambia nikalete maziwa.

Sasa lazima nieleze habari ya sehemu ya ishirini na mbili. Katika *Tamarack* ya zamani, sehemu hiyo iliitwa *Kisima*. Meli inatua kwenye dunia ya baridi, nahodha anateremka peke yake ndani ya kisima cha barafu, anakaa huko muda mrefu, kisha anapanda, na safari inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ilioneshwa mara moja tu. Baadaye kampuni, kwa kubana matumizi, ilichukua mkanda wake wa asili na kurekodi juu yake mashindano ya kuviringisha matufe. Nasema bila kuuma maneno: ilikuwa dhambi. Picha zikapotea, sauti ikapotea, na mashabiki wa nchi nzima walibaki na kumbukumbu zao na ugomvi wao.

Marlys alikuwa na nadharia juu ya sehemu hiyo. Katika jarida la klabu, tangu mwaka wa themanini na tatu, aliandika makala kumi na tisa kwamba nahodha aliyepanda kutoka kisimani si yule aliyeteremka. Nahodha wa kweli alibaki chini. Aliyekuja juu alikuwa kitu kingine kilichojifunza uso wake. Watu walimcheka mpaka wakachoka kumcheka. Ushahidi hakuwa nao. Alikuwa na kaseti ya sehemu hiyo, hilo kila mtu alilijua, lakini alipoulizwa alijibu kwamba ilishikwa na ukungu kwenye mafuriko ya chumba cha tanuru, akaitupa. Wakati tamthilia mpya inatangazwa, kampuni iliomba mashabiki wenye sauti ya *Kisima* waitume, ili watengeneze upya sehemu ile kwa michoro. Marlys alisoma tangazo hilo kwa sauti mbele yetu, akalikunja, akalifanya kitegemeo cha kikombe.

Jumapili ya sehemu ya saba, mwezi wa pili, tulikuwa watu kumi na mmoja. Dakika kumi kabla ya mwisho, nahodha mzee alijifungia chumbani mwake, akajitazama kwenye kioo, na kile kioo hakikumrudishia uso. Akasema kwa ile sauti yao ya kunong'ona kwamba Orrin yuko bado chini, kisimani, na kwamba kila usiku humsikia akiita.

Kwa mara ya kwanza katika historia ya klabu, sheria ilivunjwa. Tuliruka. Tobias Ruud, mtengeneza piano, mtu mpole asiyeinua sauti hata akigongwa na gari, alipiga meza. Mimi nilipiga kelele jina la Marlys. LaVonne alimkumbatia kwa nyuma, akimtikisa.

"Ulijua, bibie! Miaka arobaini tunakuita mwendawazimu, kumbe ulijua!"

Marlys hakutikisika naye. Alikuwa mweupe kama sahani. Alisema, "Si mimi. Ni Wendell."

Tulimwuliza Wendell ni nani.

Aliinuka, akaingia jikoni, akaanza kuosha vikombe ambavyo havijatumika. LaVonne, aliyemjua tangu shule ya msingi, alituambia kwa sauti ya chini kwamba Wendell alikuwa kaka yake. Mwezi wa tatu mwaka wa sabini na sita alivuka ziwa dogo la kaskazini kwa pikipiki ya theluji, na barafu ikafunguka. Walimtoa baada ya siku mbili. Alikuwa na miaka kumi na tisa. "Hajamtaja mbele yangu tangu maziko," LaVonne alisema. "Mimi nilidhani amemsahau makusudi. Kuna watu huweza."

Wengine waliondoka mmoja mmoja, bila kuaga kwa kelele. Tulibaki wanne. Marlys alirudi akijifuta mikono, akaketi, akafungua mkoba wake na kutoa kaseti. Lebo yake ilikuwa na wino wa kijani: 22. Haikuwa na ukungu hata chembe.

Nakiri nilichokisikia kwanza kilikuwa hasira. Miaka yote hiyo! Nilimwambia kwamba kitu kile si chake peke yake, kwamba maelfu ya watu wameishi na shimo mahali hapo, na yeye alikuwa na cha kulizibia kwenye mkoba. Nilisema kama mtu aliye jukwaani. LaVonne aliniambia, "Kijana, funga kinywa, utaingiza nzi," na nikafunga.

Basi Marlys akasimulia. Dakika ya kumi na nane ya kaseti, nahodha anapopanda kutoka kisimani na kuivua kofia yake, inasikika sauti ya Wendell, karibu kabisa na kinasa sauti. Anasema: "Marlys, unajua, huyo nahodha si..." Na sauti yake yeye, Marlys, inamkata: "Kimya, Wendell!" Halafu mlango unafunguka na kufungwa. Kisha ni kipindi tu.

"Alikasirika, akatoka," Marlys alisema. "Jumatatu iliyofuata alianza zamu ya jioni kwenye kiwanda cha karatasi, hivyo Jumanne hakuwepo tena. Hatukutazama kitu pamoja baada ya hapo. Mwezi wa tatu akaenda ziwani." Alikigeuza kikombe. "Nimemsikiliza kila mwaka siku yake ya kuzaliwa. Nahodha si nini? Sentensi hiyo nimeimalizia mwenyewe. Makala kumi na tisa. Sikuwa naandika juu ya nahodha."

Alituambia pia kwa nini hakuituma kaseti. Tangazo la kampuni lilisema wataisafisha, waondoe kelele za chumba.

"Wao wanataka kufuta chumba, wabakize kipindi," alisema. "Kipindi mimi ninacho kichwani. Ninachotaka ni chumba."

Tobias, ambaye kazi yake ni kusikia kile wengine hawasikii, alikuna kidevu. Alisema kinyume chake kinawezekana. Mashine zinazotenga sauti siku hizi huigawa mara mbili, na kwa kawaida watu hutupa upande mmoja. Tunaweza kutupa ule mwingine. Ila alimwonya kwamba atakachokisikia kinaweza kuwa kidogo kuliko alichonacho sasa.

Marlys aliishika kaseti kwa mikono miwili. Nilikuwa karibu naye, nikaona kwamba hataki kuitoa. Hakuogopa kuiharibu. Aliogopa kujua. Aliyeishi na mzimu miaka arobaini na minane hujua anapolala, anapoamka, anachokula. Mgeni hajulikani.

"Siku ngapi?" aliuliza.

"Kumi hivi."

"Chukua kabla sijabadilisha mawazo."

Jumanne asubuhi, siku ya tisa, tulikutana kwenye karakana ya Tobias, katikati ya piano zilizofunuliwa kama ng'ombe waliochinjwa. Theluji ilikuwa inaanguka polepole. Marlys alikuja amevaa vizuri, na mkufu, kama mtu anayekwenda kumpokea msafiri. LaVonne alileta bakuli la nyama na viazi vya kuoka lililofungwa kwenye taulo, kwa sababu huku kwetu hakuna msiba wala sherehe inayoanza bila hilo bakuli, na sote hatukujua hii ni ipi.

Tobias alimpa Marlys kiti, akabonyeza.

Kwanza ilikuwa ni mvumo, kama theluji kavu ikipiga dirisha. Kisha chumba kikaja. Saa ya ukutani. Sindano za kufumia, za mama yake, zikigongana tik tik. Mbwa chini akikwaruza ngazi. Kiti kililia. Kipindi hakikuwepo, palikuwa na mashimo ya kimya mahali ambapo meli ilinguruma na watu wa angani walizungumza, na ndani ya mashimo hayo familia ilikuwa imeketi ikitazama kitu tusichokiona. Sijawahi kuwasikia watu waliokufa wakinyamaza.

Na palikuwa na filimbi. Nyembamba, inakuja na kuondoka, kama birika linaloanza kuchemka.

Marlys aliweka mkono mdomoni. Alituambia ni pua ya Wendell. Ilivunjwa na fimbo kwenye mchezo wa magongo juu ya barafu, akiwa na miaka kumi na mitatu, na tangu hapo alipumua hivyo. Hakuwahi kuisikia kwenye kaseti. Muziki ulikuwa umeifunika miaka yote.

Dakika ya kumi na nane ikafika. "Marlys, unajua, huyo nahodha si..." Kijana, mchangamfu, karibu kucheka. "Kimya, Wendell!" Mlango ukafunguka. Ukafungwa. Hatua nyepesi zikaondoka, za mtu asiye na viatu.

Na filimbi ikaendelea.

Tobias alimtazama Marlys. Sindano za kufumia zilikuwa zimekoma. Aliyetoka alikuwa mama. Wendell alikuwa bado amekaa pale pale, karibu na kinasa sauti, akipumua, ametii. Dakika moja. Dakika mbili. Unaweza kumsikia akisubiri. Kisha ikaja sauti ya kitufe, kak, na chumba kikakatika.

"Matangazo," Marlys alisema.

Mara chumba kikarudi, kak, na kwa muda usiozidi nusu pumzi kulikuwa na kicheko. Mwisho wa kicheko. Cha msichana, cha kushikwa mbavu, kikizimwa haraka kwa sababu kidole kimeinuka. Na nyuma yake filimbi inayumba, ya mtu anayejizuia kucheka kwa pua iliyovunjika. Basi. Halafu kimya cha nidhamu mpaka mwisho wa upande ule.

"Rudisha," alisema.

Tobias alirudisha. Aliomba tena. Mara ya tatu alivua miwani, akaiweka juu ya vibonye vya piano iliyo karibu yake, na vibonye viwili vikalia kidogo.

"Aliniambia," alisema. "Hakutoka. Alisubiri matangazo kama nilivyomfundisha, akaniambia, na mimi nikacheka." Alitutazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyepoteza kitu chumbani na anadhani tumekikalia. "Sikumbuki. Nahodha anasema nini akivua kofia? 'Hakuna kitu chini, ni baridi tu.' Daktari anamjibu nini? 'Basi tuondoke kabla baridi haijatujua majina.' Naweza kuwasomea sehemu nzima, mpaka milango ya meli inavyofunguka. Ya kaka yangu sina hata neno moja."

Mimi, kwa sababu sijui kunyamaza panapostahili, nilimwambia huenda alisema kile kile tulichokiona Jumapili ile. Kwamba nahodha si yeye. Huenda Wendell alikuwa ameiona siri miaka arobaini na minane kabla ya waandishi.

"Nilicheka, mwanangu," alinijibu, bila ukali. "Huwezi kucheka hivyo kwa jambo kama hilo. Alisema upuuzi. Pengine alisema nahodha si mtu wa kuvaa suruali ya kubana vile. Pengine alimfananisha na mchungaji wetu." Akaichukua miwani yake. "Niliandika makala kumi na tisa juu ya upuuzi, na sasa wameutengenezea tamthilia."

LaVonne alimshika bega. Alimwambia angalau sasa anajua kwamba hakumfukuza. Marlys alikubali kwa kichwa. Lakini nilimwona, na siwezi kusema alikuwa ametulia. Alikuwa amebeba kosa moja nusu karne, akalitua, na chini yake akakuta jingine: kwamba alipewa, akapokea, akatupa, kwa sababu wakati ule wa matangazo haukuwa wa kuhifadhiwa.

Tulikula viazi. Theluji iliendelea.

Kaseti aliituma. Nilitaka tuweke masharti, tuandike barua kali, tuwaambie kwamba hawana haki ya kufuta familia ya mtu. Nilikuwa nimeiandika tayari, kurasa tatu. Alizisoma zote, akasahihisha koma mbili, akanirudishia. Alisema wakisafishe kipindi chao wanavyotaka. Chumba ni chake na anacho. Walimjibu kwa barua ya shukrani yenye jina lake lililokosewa, na kofia.

Jumapili ya sehemu ya mwisho, ukumbi ulijaa. Wengine walikuja na watoto. Mmoja wetu alielekea jikoni kwenda kuchomoa friji, na Marlys akamwambia aiache. Tulitazamana. Kisha akakaa mbele, na rimoti mapajani, na kofia ile ya kampuni kichwani, kwa kejeli au bila kejeli, sikuelewa.

Tamthilia mpya haina matangazo. Unalipia ili isikatishwe, ndiyo fahari yake. Nahodha wa uongo alikuwa amerudi kwenye ile dunia ya baridi, mzee, amechoka, akitembea juu ya barafu kuelekea kisimani kumtafuta mwenye uso wake. Ilikuwa nzuri. Hata LaVonne, anayesinzia kila palipo na kutembea, alikuwa macho. Ilipofika dakika ya kumi na mbili, nahodha akainama juu ya kisima, akafungua mdomo aite, na picha ikasimama.

Tulidhani mashine imeharibika. Marlys alikuwa ameinua rimoti.

"Matangazo," alisema. "Semeni."

Miaka arobaini ya kukatazwa si kitu cha kumwaga kwa amri moja. Mtu alikohoa. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini mzee yule hana glavu. Mama yake akamnyamazisha, na Marlys akageuka upesi.

"Usimnyamazishe," alisema. "Eti nini, mpenzi? Sema tena."

Mtoto alisema tena. LaVonne akajibu kwamba yeye amekuwa akijiuliza hilo hilo tangu sehemu ya tatu, kwamba kwa baridi ile vidole vyake vingekuwa vimedondoka kama vijiti vya barafu, na kwamba kampuni yenye pesa zote zile ingeweza kumnunulia bwana yule jozi moja. Watu wakacheka. Tobias akasema jambo juu ya sauti ya upepo. Kisha Marlys akainua kidole, na tukanyamaza, na nahodha akaita.

Alisimamisha mara tatu tena. Kila mara alisema "semeni," na kila mara watu walisema zaidi, upuuzi mtupu, na niliona kwamba hatazami televisheni. Alikuwa anatutazama sisi midomo, mmoja mmoja, kwa bidii ile ile ambayo zamani aliwatazamia watu wa angani. Alikuwa anajifunza kwa moyo.

Mara ya nne, karibu na mwisho, nahodha alikuwa nusu ndani ya kisima, uso wake umegeuzwa juu kuelekea kwetu. Picha ikasimama hapo. Ilikuwa zamu yetu kusema na hatukuwa na kitu. Tulitaka kujua tu. Marlys hakutuharakisha. Aliketi na kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu aliye karibu na kinasa sauti, na jikoni friji ya kanisa ilikuwa inanguruma. Alisubiri muda wa matangazo kamili, kama dakika mbili hivi, na hakuna aliyesema.

Kisha akainua kidole.